Kuvu Nyeusi ya Musalaba wa Léopold

*Burungu, tarehe 2 mwezi wa kumi 2021*

Kwako Francine,

Hunijui na mimi sikujui. Dada Emérita njo ameniomba nikuandikie. Anasema sasa analala kwenu Itebero, na kwamba wewe pia umeanza kupenda kazi ya kuvu, kwa hiyo tuandikiane tulinganishe mawe ya huku na mawe ya kwenu. Simu angeweza kupiga, lakini simu haibebi kuvu, bahasha inabeba.

Mimi ninaitwa Verdiane. Niko na miaka kumi na sita. Baba yangu, Papa Sebarenzi, ana ng'ombe na anatengeneza fromage, yaani jibini, na mimi njo ninageuza zile fromage kila asubuhi na kuzipaka chumvi mbele ya kwenda masomo. Kuandika ninaweza. Kusema mbele ya watu ninashindwa. Mwalimu akiniita kwenye ubao, sauti inapotea, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili vilevile.

Dada Emérita alikaa kwetu tangu mwezi wa tano mpaka wa nane, katika chumba changu, akitafuta kuvu za mawe kwa ajili ya université ya Goma. Watu wa hapa walimucheka sana: "Muntu amesoma université, halafu anakuja kukwangua uchafu wa makaburi!" Mimi sikucheka. Nilimubebea maji.

Labda amekwisha kukufundisha, lakini acha nikuandikie vile alinifundisha mimi. Ukiona doa juu ya jiwe, dondosha tone la maji. Likigeuka kijani, si kuvu peke yake: ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, mumoja anapika, mwingine anatoa nyumba. Likibaki nyeusi, ni kuvu peke yake. Halafu bandika skochi, ule utepe wa kunata, uibandue. Kama kuvu imetoka, ilikuwa imekaa juu tu. Kama imebaki, imeingia ndani, na hiyo njo inapasua jiwe polepole mpaka maandishi ya kaburi yanaanguka. Unakwangua kidogo, unakunja ndani ya karatasi, mara mbili huku, mara mbili kule. Karatasi tu. Sashe ya plastiki hapana, itaoza.

Hapa tuko na musalaba mukubwa wa jiwe wa katekista Léopold, aliyekufa zamani. Nyuma yake niliona madoadoa meusi, magumu kama mbegu. Dada Emérita aliyaandika B4. Ni mimi niliyaona wa kwanza.

Dada Emérita anakunywaka chai bila sukari. Akishika loupe, kile kioo cha kukuza, usimuongeleshe. Kama umekwisha kuyajua haya yote, samahani.

Verdiane


*Itebero, tarehe 8 mwezi wa kumi 2021*

Verdiane wangu wa karatasi,

Barua yako imepita Goma, imepita Bukavu, imefika hapa juu ya pikipiki na harufu ya makayabu, samaki wa chumvi. Nimeisoma kwa sauti jikoni, mama amesema unaandika kama padri. Usikasirike, kwetu hiyo ni sifa.

Lakini chai bila sukari? Dada Emérita anaweka vijiko vitatu! Ao kwenu sukari ilikwisha, akaona haya kuomba?

Sasa sikia ya huku. Kwenye barabara ya zamani, ile msitu umeimeza, kuna nguzo ya mawe. Waliijenga kwa ajili ya watu waliokufa wakichimba hiyo barabara, wakati babu wa babu yangu angali kijana. Hakuna muntu anayeigusa bila kutaja kwanza jina lake na la baba yake, ili wale wafu wajue nani amekuja. Babu alitusindikiza. Dada Emérita akataja jina lake kwa Kifaransa, na adabu zote za université. Babu akamuangalia: "Wale hawakusoma, mama. Anza tena." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Basi chini ya nguzo, upande wa mufereji, nikaona kuvu nyeusi yenye ukingo wa rangi ya maini. Tone la maji: imebaki nyeusi. Skochi: haitoki. Dada Emérita akapiga magoti ndani ya matope na suruali yake ya Goma, akasogeza loupe, halafu akaita: "Francine! Hii sijapata kuiona ikiwa na ukingo hivi!" Kwenye karatasi ameandika kabisa: *kuvu ya Francine*. Babu anauliza kama nitalipwa.

Iko na shida moja, na shida hiyo ni kwako. Ile B4 yako iliyopelekwa Goma imekufa. Umeme ulikatika, kuvu ya kijani ikaingia katika sahani ya maabara walimoiotesha, ikaimeza. Dada Emérita anasema yangu inafanana na B4, labda ni aina moja yenye nguo mbili, labda ni ndugu. Lakini professeur wake hataki kusikia habari ya kuvu moja ya jiwe moja. Anataka mbili, zilinganishwe. Kwa hiyo ukwangue tena B4, mapema, mbele mama zenu hawajasafisha makaburi kwa Siku ya Wafu. Wakipiga burashi na chokaa, basi, imekwisha.

Na habari kubwa: wakati wa likizo ya Noeli professeur amekubali mwanafunzi mumoja aje Goma kusaidia kwenye mikroskopi. Mumoja tu. Dada Emérita hajasema nani. Lakini mama yangu amekwisha kunipimia kitenge.

Ninangoja karatasi yako. Mara mbili huku, mara mbili kule!

Francine wa Itebero


*Burungu, tarehe 14 mwezi wa kumi 2021*
*(Haikutumwa)*

Dada Emérita,

Hii sitaituma, kwa hiyo nitaandika vile iko.

Vijiko vitatu. Miezi yote ile ulikunywa chai yetu chungu ukisema unaipenda hivyo. Mimi nikaacha sukari ili tufanane. Mpaka leo sinyweki na sukari. Mama anauliza kama ninaumwa.

B4 uliiandika B4. Herufi na namba, kama ng'ombe wa Papa masikioni. Yake umeiandika na jina lake. Mimi nilikuonyesha misalaba yote ya Burungu, nilikushikia mwavuli wakati wa mvua ili daftari lako lisilowe, mimi nikalowa. Yeye amekuonyesha jiwe moja na umepiga magoti. Kwetu hukupiga magoti hata siku moja, labda kanisani.

Ninajua huu ni wivu. Kwa Kifaransa nilijifunza neno lake katika dictée ya masomo, na nilipata alama zote. Lakini kuliandika na kuwa nalo ndani ni mambo mawili. Ninamuona huyo Francine, sijui hata sura yake, ninamuona anacheka, na wewe unacheka. Mimi hukunichekeaka. Ulinisifu tu. Ninataka ile kucheka.

Na sasa ananiomba mimi, Verdiane, nipande kwa Léopold nikwangue, nikunje vizuri, nitume, ili kuvu yake ipate mwenzake, professeur aamini, halafu yeye avae kitenge chake aende Goma akae karibu yako. Mimi njo nimutengenezee njia.

Leo nimepita kaburini. Ile kuvu iko palepale. Nimeiangalia, nimerudi mikono mitupu.


*Burungu, tarehe 15 mwezi wa kumi 2021*

Kwako Francine,

Asante kwa barua. Nimesikitika kukujulisha kwamba mwaka huu mama zetu wameanza kazi mapema. Musalaba wa Léopold umekwisha kusafishwa na kupakwa chokaa. B4 haiko tena.

Lakini nimekuwekea kitu kingine. Nilikwangua vipande vya jiwe kwa Léopold siku chache mbele ya chokaa, chini kabisa, kwa kisu. Nilianika ile pakiti ndani ya nyumba ya fromage ya Papa, kwa sababu kuna hewa na hakuna jua, na nilipoifungua nikakuta kuvu imefunika vipande vyote: nyeupe, laini, kama nywele za mutoto. Katika mawe yote tuliyotazama na Dada Emérita, aina hii hatukuiona hata siku moja. Umupe mikononi mwake. Umwambie ni ya Burungu.

Nafikiri haina jina bado.

Verdiane


*Itebero, tarehe 22 mwezi wa kumi 2021*

Verdiane mupenzi,

Ninakuandikia haraka, motard anangoja juu ya pikipiki na injini inawaka.

Pakiti yako imefika ikiwa imekunjwa vizuri kama kawaida yako. Francine aliinusa mbele sijaweka loupe, akasema: "Dada, hii kuvu imetoka kula kwa muzungu." Nikanusa. Verdiane, ni fromage! Ile nyeupe ni kuvu inayovaa fromage za Papa Sebarenzi, ile unaigeuza na kuipaka chumvi kila asubuhi. Imetoka kwenye kisu, ao vidoleni mwako, ao hewani mwa ile nyumba, ikaona vumbi lenye unyevu, ikakaa. Nimecheka mpaka machozi. Nimefanya kazi na wanafunzi wa miji yote, hakuna aliyeniletea kosa hii. Ni muntu wa Masisi yenu ya fromage peke yake anayeweza kugundua fromage juu ya kaburi.

Usione haya. Lakini ukumbuke kitu nilichokuambia: kuvu inayoota siku chache ni mugeni. Kuvu ya jiwe haina haraka, inakula kidogo, inangoja mvua, inaweza kulala mwaka. Wewe ulikuwa unajua hiyo kuliko wote. Sijui ni nini ilikukimbiza.

Sasa habari ya B4. Nimeumia kusikia chokaa imepita. Bila hiyo, kuvu ya Francine itabaki peke yake, na professeur ataiweka kwenye sanduku la visivyojulikana, basi. Simulaumu muntu. Makaburi ni ya wenyewe, si ya labo.

Kwa hiyo nimekata shauri. Kama kazi ya nguzo ya Itebero imesimama, nafasi ya Noeli haina maana kwa Francine. Nafasi ni yako. Unajua kungoja, unajua kukunja, na miaka inayokuja utajua na kunawa mikono. Umwambie Papa Sebarenzi. Professeur anafunga majina katikati ya mwezi wa kumi na moja.

Salamu kwa mama, na kwa chai yake chungu. Sikuwa na nguvu ya kumwambia.

Emérita


*Itebero, tarehe 22 mwezi wa kumi 2021*

Verdiane,

Dada Emérita anafikiri ninamuandikia shangazi. Bahasha ni moja lakini nimeificha hii katikati.

Ameniambia kwamba ni wewe utakwenda. Nimesema vema, nikaenda kuteka maji na ndoo imejaa tayari. Mama amekunja kile kitenge, amekiweka chini ya sanduku.

Acha nikuambie vile iko, kwa sababu sitakuona kwa macho. Tangu siku amefika hapa, ni Verdiane hivi, Verdiane vile. "Verdiane hashiki jiwe na mukono mutupu." "Verdiane angengoja." "Verdiane hakunjaki hivyo." Nikiuliza kitu, anajibu na jina lako. Nilikuchukia mbele hujaandika hata mustari. Ulipoandika, nikaona unaandika vizuri kweli, nikakuchukia zaidi. Ile habari ya sukari, nilijua itakuuma. Njo maana niliiweka.

Na kitu kingine. Kipande cha kwanza cha kuvu yangu nilikitia katika sashe. Nilijua karatasi, ulikuwa umeandika. Nikasema moyoni: mimi sitakunja kama Verdiane, niko na namna yangu. Namna yangu imeoza, kijani yote. Nikarudi kwa nguzo peke yangu, nikataja jina tena, nikakwangua tena, na nilikunja mara mbili huku, mara mbili kule, huku ninakutukana.

Basi uende Goma. Unastahili, na hiyo njo inanikasirisha. Kama ungekuwa mujinga, ningelala vizuri.

Kwa fromage nimecheka kweli. Samahani. Hapana, si samahani.

Francine


*Burungu, tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 2021*

Francine,

Bahasha yenu ilifika hapa tarehe 30, jioni. Nilisoma ya Dada Emérita kwanza. Nilifika pale ameandika *nafasi ni yako*, nikaruka, Francine, niliruka kabisa, na ndoo ya maziwa ikaanguka. Papa akapiga kelele, mimi ninacheka. Halafu nikaona ile karatasi yako imefichwa katikati, nikaisoma. Nikarudia. Nikaona nimekaa chini ndani ya maziwa.

Sasa unisikilize. Musalaba wa Léopold haukuwa umesafishwa. Nilidanganya. Mama zetu walikuwa bado hawajagusa hata jiwe moja, hawaanzaka mbele ya siku ya Watakatifu Wote kufika. Nilikuwa nimepita pale siku moja mbele ya kukuandikia, nikaiona B4 kwa macho yangu, nikakuandikia haiko. Sitaki kutafuta sababu nzuri. Nilitaka usiende.

Hata nilipomaliza kusoma barua yako, sikukata shauri palepale. Nilifikiri: kesho kutwa wanapiga chokaa. Nikinyamaza tu, uongo utageuka kweli, na hakuna muntu atajua. Kunyamaza njo kitu ninachojua kufanya kuliko vitu vyote. Nilikaa na mawazo hayo siku nzima ya tarehe 31, na yalikuwa matamu.

Tarehe moja, misa ilipokwisha, mama zote wakapanda makaburini na burashi, majivu, ndoo za chokaa. Mama yangu njo mukubwa wao. Musalaba wa Léopold ni wa ukoo wa Mama Kayitesi, mujukuu wake, muntu wa maneno makali. Wakaanza mbele. Wakazunguka nyuma. Mama Kayitesi akachovya burashi, akainua mukono, na mimi nikasikia muntu anasema:

"Muache hiyo."

Ilikuwa mimi. Wote wakageuka.

"Nani ameongea?" mama mumoja akauliza.

"Verdiane wa Sebarenzi."

"Huyu? Kumbe iko na mudomo! Miaka yote tunafikiri ni wa kulia chakula tu!"

Wakacheka. Mama yangu hakucheka. "Verdiane, acha watu wafanye kazi."

Nikasema: "Mama, ile nyeusi ni ya masomo. Iko muntu Itebero anaingoja."

Mama Kayitesi akaweka burashi juu ya ndoo. "Itebero? Watu wa Itebero wanataka uchafu wa babu yangu? Hawana wao?"

"Wako nao, Mama. Wanataka kulinganisha."

Hapo walicheka mpaka nikatamani ardhi ifunguke, na pale makaburini inafungukaka kweli. Lakini Mama Kayitesi aliacha kucheka mbele ya wengine. Akaniambia: "Mutoto, kaburi chafu linasema wafu hawana watu. Kesho padri atakuja, Burungu yote itakuja, wataona Léopold amegeuzwa mwenye kutupwa. Utawaambia nini?"

Nikasema ningekwangua kidogo haraka, halafu wapake. Ningeweza kuishia hapo, Francine. Nilitoa kisu, kipya, kimechomwa kwenye moto, nimenawa mikono mpaka viwiko, usicheke. Nikakwangua. Lakini B4 imeingia ndani, unajua vile iko, kikatoka kipande kidogo kama punje ya mutama. Kikifa tena njiani, ao umeme ukikatika tena, itakuwa basi. Jiwe lazima libaki. Nikamwambia Mama Kayitesi hivyo. Nikamwambia na kwamba nilikuwa nimeandika uongo kwamba wao wamekwisha kusafisha, na sababu yake. Nilisema neno wivu mbele ya mama zote za Burungu.

Hakuna aliyecheka. Mama mumoja akasema polepole, "Eh, hiyo tunaijua." Mama yangu aliangalia pembeni.

Mama Kayitesi akachukua tena burashi. Halafu akasema: "Mukono mumoja wa musalaba, nyuma, utabaki hivyo. Lakini mimi sitajibu watu. Kesho utasimama hapa mbele ya padri na utajibu wewe."

Jana nilisimama. Mwanzo hakuna aliyesikia, padri akasema "sauti, binti." Nilianza na Kifaransa kwa woga, Mama Kayitesi akanikata: "Kiswahili! Léopold alifundisha katika Kiswahili." Nikasema kwamba ile nyeusi ni kitu chenye uhai, kinakaa ndani ya jiwe, na kwamba dada mumoja anayeitwa Francine, wa Itebero, ameona ndugu yake huko msituni, na kwamba bila hii, ya kwake haitapata kujulikana. Nilisema jina lako mara nyingi kuliko la marehemu, Mungu anisamehe. Watu walizunguka nyuma kuangalia. Muzee mumoja akagusa na kidole akaniuliza kama inauma. Mama yangu mpaka sasa hajaongea na mimi sana, anasema nimemupaka yeye chokaa mbele ya watu. Lakini asubuhi ya leo ameweka sukari katika kikombe changu bila kuuliza, na nimekunywa.

Kipande kiko ndani ya hii bahasha. Nimekikunja mimi, katika nyumba ya shangazi ambako hakuna fromage. Nimetia katika kikombe cha plastiki? Hapana. Karatasi. Kwa Dada Emérita nimeandika mistari michache peke yake: kwamba nilidanganya, kwamba jiwe liko, kwamba nafasi si yangu. Bahasha yake umupe mbele ya kumupa kuvu. Kama atakasirika, akasirike na mimi, asikuangalie wewe kwa hasira. Mwambie mama yako atoe kile kitenge chini ya sanduku.

Usifikiri nimekuwa muzuri. Nilipokuwa ninakunja, mukono wangu mara mbili ulitaka kufungua na kupuliza. Nitakaa Noeli nzima ninageuza fromage na ninakuona kwenye mikroskopi, na itaniuma kila siku, na sitakuandikia kwamba haiumi.

Kitu kimoja tu. Ukifika Goma, na Dada Emérita akianza tena, "Verdiane hafanyaki hivyo," umwambie anyamaze.

Hapana. Umuache aseme.

Verdiane